Dirisha la Hedwiga na Beatha

Nyumba ya mawe iliyo juu ya mashamba ya tangawizi kule milimani Mamba ilijengwa na mapadre wa zamani, na kuta zake zina unene wa mkono mzima. Mapadre walipopata nyumba mpya karibu na barabara, parokia ikaamua kuigawa hii ya zamani iwe makao ya wajane wanne. Fundi Lukasi aliambiwa agawe sawasawa. Akapima kwa kamba na kugawa sawasawa kweli, hata ukuta wake ulipofika katikati ya dirisha kubwa la sebule hakuusogeza hata kidole. Nusu ya dirisha ikaangukia kwa Hedwiga, nusu kwa Beatha. Unaweza kumcheka Lukasi ukitaka, lakini hakuna mjane aliyewahi kulalamika kwamba mwenzake kapewa pakubwa.

Dirisha lenyewe lina mbawa mbili za mbao zinazofungukia nje, na ubao mwembamba wa kufunika ufa wa katikati ulikuwa umepigiliwa kwa nje kwenye ubawa wa Beatha, ukaulalia na wa Hedwiga. Kwa hiyo wa Hedwiga haukufunguka mpaka wa Beatha utangulie. Ikawa hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Mwanzoni jambo hilo lilimkera Hedwiga kupita kiasi. Baadaye akalipenda, ingawa asingekiri hata kwa padre. Kila siku aliamka mapema akabaki kitandani gizani, nusu usingizini, na saa hiyo nyumba ilirudi kuwa moja. Kuta za Lukasi zilififia polepole kama ukungu wa mlimani. Akatembea peku juu ya mbao zilizopigwa nta, chumba baada ya chumba, milango ikimpisha, ngazi zikimpandisha pasipo kuchoka, hadi alipoiona nyika yote kule chini imetulia, nyeupe kama maziwa. Kisha komeo la upande wa pili lililia, mwanga ukapenya, na sauti ya Beatha ikaingia.

"Mama Rodrick, kumekucha."

Hedwiga akasukuma ubawa wake, vichwa viwili vikatoka nje, na wenye navyo wakaanza kuwasema majirani.

Mwaka huu Fortunata, binti wa Beatha anayeuza samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, alisema mama yake hawezi tena kuishi peke yake na magoti yale. Angekuja kumchukua baada ya wiki moja. Sehemu ya Beatha ingekuwa stoo ya tangawizi ya kikundi cha wakulima, yenye kufuli mlangoni.

Hedwiga aliisikia habari hiyo kwa Beatha mwenyewe, dirishani. Alitaka kusema, usiende. Ulimi wake, ambao kwa watu wengine haukuwahi kukosa neno, ukamkwama.

"Sasa dirisha langu litafunguliwa na nani?" ndilo alilolipata.

Beatha akajibu kwamba ataona la kufanya. Kila asubuhi iliyofuata Hedwiga alijipanga kulisema lile jingine, na kila asubuhi akaishia kuzungumzia mvua.

Siku ya safari gari lilikuwa limeshawashwa.

"Shikamoo, mama mdogo," Fortunata alimsalimia Hedwiga.

"Marahaba, mwanangu."

Beatha akamvuta Hedwiga pembeni. "Jana ulipokuwa shambani, mzee Lukasi aliuhamisha ule ubao. Ameupigilia upande wako. Sasa unafungua mwenyewe."

"Asante, dada."

"Wiki nzima nimekusubiri uniambie nibaki."

Hedwiga alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. "Ningekuambia, ungebaki?"

"Hapana. Lakini ningeondoka nikiwa nimeambiwa."

Machozi yakamtoka Hedwiga, naye hakuyafuta. "Basi baki, dada," akasema. "Baki. Hilo dirisha sina haja nalo."

Beatha akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akaubana.

"Siwezi, mdogo wangu," akasema, uso wake umechangamka kama wa mtu aliyepewa zawadi, kisha akapanda gari.