Usifyatue Tupu

Nyumbani kwetu Lugari kulikuwa na amri iliyozizidi zile kumi za kanisani: usifyatue tupu. Ungeweza kudanganya kidogo, ungeweza hata kukosa ibada ukisingizia tumbo, na baba angekutazama tu. Lakini ukikunja mtutu wa bunduki yake ya upepo, ukaurudisha bila kutia kirisasi, kisha ukafyatua, ulikuwa umemgusa pabaya. Ndani ya bunduki kama ile hamna baruti. Kuna springi nene inayosukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inasukuma kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Kirisasi kisipokuwepo, hewa inatoroka yote na pistoni inajigonga mwisho wa njia kwa nguvu zake zote. Baba alisema ni kama mtu kuuvamia kwa bega mlango ambao haukufungwa.

Aliipata akiwa kijana. Babu alipochukua sehemu ya shamba lililokuwa la mzungu, baba aliikuta darini kwenye stoo, imeliwa na kutu na kitako chake kimetafunwa na panya. Mtu mwingine angeitupa au angeuza chuma. Yeye aliikalia maisha yake yote. Aliitoa kutu kwa pamba na mafuta, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto macho. Washa ya ngozi, ile pete inayozuia hewa kwenye pistoni, aliikata mwenyewe na kuiloweka kwenye kisahani cha mafuta hadi ikalainika. Mikwaruzo ya kwenye mbao hakuigusa. Alisema msasa ni wa watu wasio na heshima.

Walikuwepo wazee wachache wenye ugonjwa huo huo. Jumapili baada ya kanisa walikuja na bunduki zao kuukuu, wakapanga vifuniko vya soda kwenye kichuguu nyuma ya jikoni, wakakaa kwenye vigoda. Kusema kweli, walipiga kidogo na kuongea sana. Wangeweza kubishana mchana kutwa kuhusu mafuta mazito na mafuta mepesi. Aliyemfuata baba kwa uzito wa ugonjwa alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kupima miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Butali. Bunduki yake ilikuwa pacha wa ile ya baba, na kila mmoja aliamini ya mwenzake ina sauti mbaya.

Sauti ndiyo iliyokuwa jambo. Bunduki iliyotunzwa hailii kama mlango wa geti. Ya baba ililia tup, kama ngumi kwenye gunia la mahindi, ikanyamaza. Kila jioni, kabla giza halijaingia, alipiga moja tu kwenye kichuguu, na hiyo ndiyo ilikuwa saa ya mama. Aliposikia tup, aligeuza ugali, obusuma kwa lugha yetu, kwenye sinia na kutoka na birika la maji, maji ya moto haswa, maana mafuta ya bunduki hayatoki kwa maji ya uvuguvugu. "Mzee, njoo unawe." Sikumbuki jioni yoyote ya utotoni ambayo haikuwa na tup na birika.

Baba alipokufa, mimi nilikuwa ofisini mjini Kakamega. Nilimaliza kazi iliyokuwa mezani, nikapita nyumbani kwangu Amalemba kuchukua nguo, nikasafiri. Watu wanasema moyo hupasuka. Wangu haukupasuka. Ulikaa pale kifuani kama jiwe la kusagia, zito na lisilo na habari. Kwetu mtoto wa kwanza, tena wa kike, hufika getini akilia ili majirani wajue mwenye uchungu amefika. Mimi nilifika nikauliza kama hema limelipiwa. Niliona shangazi zangu wakitazamana. Mmoja aliniambia baadaye, si kwa ubaya, kwamba elimu inakausha watu. Nilitaka kumjibu vibaya lakini hata hasira haikuja.

Siku ya mazishi ndipo kosa lilipotokea. Baba mdogo, ndugu ya baba anayekaa Shianda, alikuwa mwanajeshi miaka mingi na bado anatembea kama anakaguliwa. Alisema kakaye hawezi kuteremshwa kimya kama gunia. Akaenda ndani, akarudi na ile bunduki. Mzee wa Butali alisimama, akamwomba angalau aweke virisasi na aelekeze kwenye kichuguu. Baba mdogo alimtazama kwa huruma ya askari kwa raia.

"Saluti haipigwangi na risasi," alisema. "Hapa kuna watoto."

Na kwa jeshi alikuwa sahihi kabisa. Akaielekeza mbinguni akafyatua tupu, akakunja tena, akafyatua, akakunja tena. Mara ya tatu haikulia tup. Ililia kwa ndani, kama sufuria iliyoanguka kwenye kisima. Wale wazee wa kichuguu walishika vichwa vyao kwa mikono miwili, na mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Waombolezaji walidhani wanamlilia rafiki yao, wakaanza kulia nao kwa sauti. Nami nilisimama pale nikijua kwamba kilichovunjika ni springi, na nikaona ajabu kwamba hata hilo sikulihisi.

Wageni walipoondoka, chifu alinikumbusha kwa upole jambo ambalo nililijua. Kibali cha bunduki kilikuwa kwa jina la baba, na mwenye jina akishaondoka, bunduki huenda kituo cha polisi. Nilisema sawa. Lakini, usiniulize kwa nini, niliomba niipeleke baada ya siku chache. Niseme tu ukweli: nilitaka kuisikia tena. Nilijiambia kwamba ikilia kama alivyoiacha yeye, hata mara moja tu, labda lile jiwe litasogea nami nitalia kama watoto wa watu. Ikiingia kituoni na springi iliyovunjika, basi mlio wa mwisho wa baba duniani utakuwa ule wa sufuria.

Nilimpigia simu mzee wa Butali. Alikuja siku iliyotangulia ile ya kwenda kituoni, amebeba mfuko wa nailoni. Tulikaa kwenye meza ya baba tangu mchana. Kisahani chake cha mafuta kilikuwa bado pale, na nzi mmoja amezama. Tuliitoa bunduki kwenye kitako, tukaibana kwenye jiliwa, na mzee akaniambia niiegemee kwa kifua wakati yeye anafungua nyuma, kwa sababu springi hata ikivunjika haisahau kusukuma. Ilitoka taratibu ikinisukuma mbavu. Ilikuwa vipande viwili. Ile washa ya ngozi, hata hivyo, ilikuwa nzima, nyeusi, laini, na alama za kisu cha baba kwenye ukingo. Niliishika kidogo, nikairudisha mezani.

Niliuliza springi kama ile inauzwa wapi. Mzee alisema waliozitengeneza wengi ni marehemu kama baba. Kisha akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na springi ndefu iliyopakwa grisi, imefungwa kwa gazeti. Alikuwa ameitoa kwenye bunduki yake.

"Chukua hii, mama," aliniambia. "Lia nayo mara moja, halafu unirudishie. Ile ya babako iende polisi na vipande vyake."

Sikujua kama alisema lia kwa maana ya bunduki au kwa maana yangu, na sikumuuliza. Tuliitia springi yake ndani, tukapangusa, tukafunga skrubu moja baada ya nyingine. Mama alikuwa jikoni muda wote huo. Tangu mazishi alikuwa akipika kwa mazoea tu na kuongea kwa nadra. Nilikuwa nimemwambia tunatengeneza bunduki, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mawingu.

Jua lilipokaribia kuzama nilitoka nje. Mzee alibaki mlangoni; alisema hii si yake. Nilisimama karibu na kigoda cha baba, nikakunja mtutu, nikatia kirisasi, nikahakikisha kwa kidole kwamba kimo. Kulikuwa na kifuniko kimoja cha soda kwenye kichuguu, cha zamani, kimepauka. Nikalenga, nikafyatua.

Tup.

Ilikuwa ile ile, ngumi kwenye gunia. Kifuniko hakikuanguka, nilikosa. Mzee kule nyuma alikohoa. Nilisubiri machozi. Nilijisikiliza kama mtu anayesikiliza tangi kama lina maji, na sikusikia kitu. Basi, nikawaza, na hii pia imeshindikana. Kesho nitaipeleka, nitasaini, nitarudi kazini.

Ndipo niliposikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, kisha sinia. Mama alitoka jikoni, taulo begani, birika mkono mmoja na beseni mkono mwingine. Alitembea haraka, kama mtu aliyechelewa kidogo, akaja moja kwa moja hadi kwenye kigoda.

"Mzee, njoo unawe," alisema. "Obusuma inapoa."

Alisimama pale, beseni limenyooshwa mbele ya kigoda kitupu. Niliona uso wake ukifika polepole pale mikono yake ilipokuwa imeshafika. Hakurudi nyuma. Mvuke wa birika ukawa unapanda.

Niliiweka bunduki kwenye nyasi, nikakaa kwenye kigoda cha baba, nikanyoosha mikono yangu iliyojaa mafuta. Mama akamimina. Yalikuwa maji yake yeye, ya moto haswa. Yaliniunguza, nami nikayahisi.