Nilizima Data za Mtaa Mzima, Yangu Nikaiacha Imewashwa

Jamani, kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala siisingizii kampuni ya simu, ingawa kampuni nayo ina mambo yake. Mimi mtu mzima, muuza dagaa wa Katonga, ninayeamkiwa na nusu ya mtaa, nimeidanganya familia yangu mchana kweupe kwa sababu ya bando! Jina langu sitaji. Mtaa wetu wa Buzebazeba, hapa Kigoma, wote wananijua, inatosha.

Ilianza siku walipobadilisha vifurushi. Nilijiunga cha wiki kama kawaida yangu, kwa pesa ile ile. Wiki haijafika hata katikati, naletewa ujumbe: mpendwa mteja, umemaliza kifurushi chako. Mpendwa! Nani kampenda nani hapo?

Nikapiga huduma kwa wateja. Bonyeza moja, bonyeza mbili, muziki, bonyeza tena. Mwisho akapokea binti mwenye sauti tamu, akasema, "Mama, bei haijapanda. Vifurushi vimeboreshwa." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nauza dagaa. Nikikupimia kisado nusu halafu nikakwambia nimekiboresha, utanielewa?" Akanishukuru kwa kupiga simu.

Nikaenda kwenye kikundi chetu cha akina mama nikiwa natoka moshi masikioni. Kumbe kila mtu ana kilio chake! Mmoja anamtumia mteja wake wa Dar picha ya samaki wake, migebuka, inafika kichwa, mkia unabaki Kigoma. Mwingine alisikia kwamba ukikaa ufukweni na laini ya ng'ambo ya ziwa unapata bei nafuu. Alikaa juani mpaka jioni, alichopata ni kichwa kumuuma.

Basi nikasimama. Nikasema dawa yao ni moja, tuzime! Mtaa mzima tuzime data mpaka watujue sisi ni nani. Vigelegele! Nikawaapisha mmoja mmoja, mkono juu, na aliyesitasita nikamkazia macho mpaka akaunyoosha.

Wa kwanza kuzima alikuwa wifi yangu, Mama Sauda, mke wa marehemu kaka yangu. Tunapakana ukuta. Ni mtu mpole, kazi yake kupika mawese, na tangu kaka atutoke hajawahi kunipinga kwa lolote. "Ukishasema wewe, wifi, mimi nani?" Akazima mbele ya macho yangu. Binti yake Sauda naye akazima, kwa shingo upande, maana alikuwa mchumba wa watu.

Na mimi nilizima. Wallahi nilizima! Mpaka adhuhuri.

Baada ya hapo vidole vikaanza kuniwasha. Nikajiambia nitawasha kidogo tu, nione kama wenzangu wamezima kweli, si ndiyo kazi ya kiongozi? Tatizo ni mahali pa kuwashia. Sebuleni wataniona, barazani wataniona. Nikaingia na simu chooni, kile cha uani, nikakaa huko naangalia vivideo vyangu kwa raha zangu. Nikatoka, nikarudi. Nikatoka, nikarudi.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya Sauda. Posa yake ilishakubaliwa, na mahari tulipanga ije mwezi unaofuata. Kulikuwa na grupu la harusi, wao na sisi, na mshenga akiwa Mzee Rajabu wa Mwandiga. Kwetu sisi baba mzazi akiwa hayupo, mdomo wa upande wake ni shangazi. Neno la wakwe hupita kwa mshenga, likafika kwa shangazi. Shangazi akisema ndiyo, nyumba imesema ndiyo, na hakuna wa kumuuliza tena.

Shangazi ndiye mimi.

Sasa nikiwa chooni, ikaingia kwenye grupu sauti ya Mzee Rajabu. Alisema bwana harusi, ambaye ni muuguzi Uvinza, amesogezewa likizo, na baada yake kuna mpango wa kumhamishia mkoa wa mbali. Kwa hiyo wazee wake wanaomba walete mahari Jumamosi hii. Ikipita hii, haijulikani tena lini. Kama nyumba iko tayari, shangazi aseme.

Nanyi mnijue, mimi ni mtu wa dole gumba. Tangazo la msiba, dole. Picha ya mtoto kang'oka jino, dole. Nikabonyeza dole kabla akili haijafika, nikaendelea na video yangu.

Mara hodi mlangoni. "Wifi! Uko salama humo? Tangu adhuhuri unaingia unatoka. Nimekuchemshia majani ya mpera, utoke unywe tumbo lifunge!"

Nilitoka nikanywa, kikombe kizima, machungu yake yananichoma, na yeye kanisimamia ananipangusa jasho la uongo. Pale pale ningesema, wifi, sina tumbo, nina data, na wakwe wanakuja Jumamosi! Angenisema, angecheka, tungeingia jikoni. Lakini nikawaona wale akina mama na mikono yao juu. Nikanyamaza, mpumbavu mimi.

Nikatafuta njia ya kuzunguka. Kesho yake nikamwambia, "Wifi, nimeota wageni wamekuja kwako na kanzu nyeupe." Nilidhani atafurahi, ajiandae. Akashika kifua! "Kanzu nyeupe? Hiyo si sanda, wifi? Lazima tutoe sadaka!" Akachukua unga wote, sukari yote na mafuta, akakaanga maandazi, akawapelekea watoto wa madrasa. Nyumba ikabaki haina hata cha kumkaribishia mgeni mmoja, na mimi ndiye niliyebeba beseni.

Siku hiyo hiyo Sauda akaja mbio uani. "Mama, mwenzangu kanipigia. Kasema wanakuja Jumamosi na mahari, kisha simu ikakatika!"

Mama yake hata hakuinua kichwa kwenye pipa la mawese. "Habari za mahari haziletwi na watoto. Mzee Rajabu angemwambia shangazi yako." Akanigeukia. "Au umesikia lolote, wifi?"

Sauda ananiangalia. Macho ya kaka yangu yale yale!

Nikasema, "Ningesikia wapi, na data nimezima?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa, ndugu zangu. Dole lilikuwa bahati mbaya. Huu ulikuwa uongo wa makusudi, tena kwa mtoto yatima. Sauda aliondoka, nami nikabaki najituliza kwamba watapiga simu kuhakikisha. Wahakikishe nini, na dole wanalo?

Jumamosi asubuhi wakaja. Wazee wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, mama zao vitenge vipya, masinia yamefunikwa. Mama Sauda yuko uani, kanga ya kazini kiunoni, mawese yamempanda mpaka viwikoni, usoni ana alama ya kidole alipojikuna.

"Mwakeye!" Mzee Rajabu akasalimia.

"Mwakeye, Mzee Rajabu. Mmependeza! Mnaelekea kwa nani?"

Jamani! Nikiwa kando ya pipa la mawese, nilitamani ardhi ipasuke.

"Kwako, Mama Sauda. Kwani shangazi hakukwambia?"

"Angejuaje, Mzee? Shangazi amezima data. Mtaa mzima tumezima, yeye ndiye kiongozi wetu."

"Amezima?" Mzee Rajabu akatoa simu, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee. "Dole lake hili hapa, chini ya sauti yangu. Na hili la jana, kwenye picha ya mjukuu wangu. Na hili la leo alfajiri, kwenye mawaidha."

Akaendelea kuyasoma, moja baada ya jingine, na akina mama wa kikundi walishajaa ukutani wanasikiliza. Mmoja akasema, "Kumbe lile tumbo!" Wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko sijui hata wa nini.

Baba mkubwa wa bwana harusi hakucheka. Akasema, "Nyumba ambayo shangazi anakubali hadharani na kukana ndani, kesho tukiwa na shida tutamwamini nani? Twendeni." Wakaanza kuinua masinia. Sauda alikuwa mlangoni, mkono mdomoni, analia bila sauti.

Mama Sauda akapiga magoti, na yale mawese yake. "Wazee wangu, msiondoke. Mwanangu aliniambia, mimi ndiye sikumsikiliza. Lawama ni yangu." Hakunitaja! Aliyenichemshia mpera, akaubeba na uongo wangu juu.

Nikamwaga machozi mbele za watu. Nikasema ni mimi, nilisikia, nilimdanganya, msimwadhibu mtoto. Wakanong'onezana kwa muda mrefu. Mwisho Mzee Rajabu akasema watakaa, ila huu mdomo hawautaki. Nyumba ilete mwingine.

Akaitwa mdogo wangu Zuhura, aje na bodaboda. Huyo Zuhura miaka yote nimekuwa nikisema hajui kuongea mbele za watu. Akaongea! Akawakaribisha, akawachekesha, akamtaja kaka yetu kwa heshima mpaka yule baba mkubwa akafuta macho. Kila jirani akaleta sufuria yake, ugali ukapatikana, kuku akapatikana. Mahari ikapokelewa. Mimi nilikuwa jikoni nyuma, nasonga ugali na kusikia vigelegele kupitia dirishani.

Data ziliwashwa jioni hiyo hiyo, mtaa mzima, simu zinaita kila upande. Kampuni haikujua hata kama tulizima. Vifurushi viko vile vile, vimeboreshwa.

Wifi yangu ananisalimia vizuri, lakini chai haniletei tena. Nimetolewa kwenye grupu. Atakayemsindikiza Sauda kwa mumewe ni Zuhura, na mimi tangu mtoto huyo azaliwe nilikuwa nimeshachagua kitenge cha siku hiyo.

Juzi Sauda alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa upole tu, akiniita shangazi kwa Kiha chetu.

"Masenge, siku ile ulikuwa unaangalia nini?"

Ningemdanganya tena? Nikamwambia ukweli. "Mtu anaosha zulia."

"Zulia?"

"Lilikuwa chafu sana, mwanangu. Jeusi kabisa. Anamwaga maji, anasugua."

"Na lilitakata?"

"Sijui. Bando liliisha."

Alicheka, alhamdulillahi, mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho, akaaga, akaenda zake, na kucheka kule hakukunirudishia kitu.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa kwa bando lako lililoboreshwa, lalamika, una haki. Ukitaka kuzima, zima. Lakini ukiwasha kwa siri na ukaona neno la mtu, toka huko chooni ulipo ukamwambie! Watakucheka siku moja, yataisha. Mimi tarehe ya harusi ya binti wa kaka yangu nimeisikia kwa muuza nyanya.