Dole Gumba la Baba

Mtu aliyekwisha kuzikwa anawezaje kujibu samansi? Swali hilo nililibeba miaka mingi, nami nilikuwa msichana wa chuo kule Kampala, wa kutokubali hata kwamba mvua imenyesha mpaka niguse udongo.

Ilikuwa likizo. Tarishi wa boma la Shinyanga alifika nyumbani kwetu, nje kidogo ya Maganzo, na karatasi ya mahakama yenye jina la baba. Mwenye duka alidai fedha za mabati. Baba alitakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, la sivyo ng'ombe wetu tisa wangekamatwa. Lakini baba alikuwa amefariki mwaka juzi. Tulimzika zizini, kama wanavyozikwa wakuu wa kaya kwetu.

"Deni lile alilipa kwa maksai wawili," mama alisema. "Ila mimi sikuwapo. Nani ataniamini?"

"Nitawaandikia kwamba amefariki."

"Halafu waje kwangu, mjane asiyejua kitu? Aliyeitwa ni yeye. Atajibu."

Jioni aliichukua samansi, akaiweka juu ya kaburi na kuibana kwa jiwe. Ng'ombe walikuwa wamejikusanya upande mmoja wa zizi. Penye kaburi hapakuwa na hata mmoja. Asubuhi jiwe lilikuwapo, karatasi haikuwapo.

"Imeliwa na ndama," nikasema.

"Ndama gani anayeinua jiwe, ewe msomi?" Mama akacheka, akaendelea kukamua.

Siku ya kumi na mbili niliandika utetezi wangu bila kumwambia, nikapanda lori la pamba hadi Shinyanga. Karani alilisoma jina, akakunja uso.

"Dada, haya ni majibu ya pili. Ya kwanza yalikuja juzi kwa posta."

Akafungua faili. Barua ilikuwa fupi. Nimeipata samansi yenu. Nililipa kwa maksai wawili, mmoja mweupe, wa pili amevunjika pembe ya kushoto. Sikupewa risiti kwa kuwa kalamu ya mzee mwenye duka ilikuwa imekauka. Chini yake palikuwa na dole gumba.

Nilitoa lenzi yangu ya kuchunguzia majani. Kando ya barua ilikuwapo hati ya deni, ambayo baba aliitia dole akiwa hai. Nikatazama hii, nikatazama ile, mpaka jicho likatoa machozi. Mistari ilikuwa ileile, pamoja na kovu la mshazari alilolipata kwenye machimbo ya dhahabu Geita, siku tindo ilipomteleza.

"Mwenyewe atafika lini?" karani aliuliza.

"Alifariki mwaka juzi."

Karani aliuondoa mkono wake juu ya faili, taratibu.

Mdai alikuwa amekaa kwenye benchi, kijana aliyelirithi duka pamoja na madaftari yake. Alikuja, akaisoma barua, akaniomba lenzi.

"Huyu maksai wa pembe moja namkumbuka," alisema. "Alimkanyaga mama yangu mguu." Kisha akanirudishia lenzi. "Dada, baba yangu naye ni marehemu. Kama wazee wenyewe wameanza kuandikiana, mimi siingilii."

Akaifuta kesi siku ileile.

Nyumbani nilimbana mama. "Nani aliandika?"

"Dole si umeliona?"

"Nimeliona."

"Sasa unauliza nini?"

Siku zote zilizobaki za likizo sikutia mguu zizini.

Mama alifariki zaidi ya miaka ishirini baadaye. Shangazi alinifungulia sanduku lake. Chini ya nguo zilikuwamo karatasi nne tupu, kila moja ina dole la baba upande wa chini. Shangazi akanieleza: wiki ya mwisho ya uhai wake, kifua kikiwa kimembana, baba alijua kwamba mjane hasikilizwi. Aliomba wino, akatia dole kwenye karatasi sita, na shangazi ndiye aliyemshikia mkono. Moja mama aliipeleka kwa mwandishi wa barua sokoni, pamoja na samansi. Nyingine alikuwa ameiandikisha mapema zaidi: ndiyo wosia aliosomewa baba mkubwa baada ya matanga ya baba, uliomkataza kuniozesha kabla sijamaliza chuo.