Kivuli cha Bosco

Ninaikumbuka siku ile, mwanangu, kila ninapokuona umeinama kwenye kompyuta yako, ukimkata mtu kutoka picha moja na kumpachika kwenye nyingine. Juzi nilikusikia ukimwambia mteja, "Kivuli nani atakiangalia?" Nikanyamaza, nikaenda zangu. Leo sitanyamaza, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mama yako, na nimeyajutia hadi mvi hizi unazoziona.

Wakati huo nilikuwa na studio ndogo ya picha pale Mbugangari, mtaa wa hapa hapa Gisenyi. Nilikuwa nimerudi na wazazi wangu kutoka Tanzania, nina kacheti kangu ka kompyuta, na kiburi ninacho, tena cha kutosha. Mtu akianza tu kuniita fundi nilikuwa nimeshaitika.

Akaja mama mmoja, mkulima wa Kanzenze, ambaye watu walimwita Mama Furaha kwa jina la binti yake mkubwa. Alileta picha mbili kwenye bahasha. Ya kwanza ilikuwa yake na binti zake wanne, wamesimama ufukweni mwa ziwa hapa Gisenyi, jua likielekea kuzama. Ya pili ilikuwa ya Bosco, mwanawe wa pekee wa kiume, aliyefariki kwa ugonjwa kabla familia haijawahi kupiga picha wote pamoja. Alitaka kitu kimoja tu: Bosco asimame kati ya dada zake. Nikamwambia arudi Ijumaa.

Kazi niliifanya haraka haraka. Nilimkata Bosco vizuri, nywele hadi viatu, nikamweka pale kati. Lakini bila kivuli alionekana kama anaelea. Programu yangu ilikuwa na kivuli chake tayari, ukibofya kinakuja chenyewe na kulala upande wa kulia. Nikakiacha hukohuko, nikachapisha.

Ijumaa Mama Furaha aliipokea picha kwa mikono miwili. Kwanza alitabasamu, halafu uso ukabadilika. Akaweka kidole kwenye mchanga, miguuni pa Bosco.

"Mama, angalia. Vivuli yetu inaenda ku mulima, sababu jua iko ku ziwa. Ya Bosco inaenda ku ziwa. Sisi tuko mangaribi, yeye iko asubui. Donc, basi hatuko pamoja."

Mwanangu, yule alikuwa mtu wa shamba, saa yake ilikuwa kivuli chake mwenyewe. Alikuwa amesema kweli, na mimi nilijua. Lakini wateja watatu walikuwa wamesimama wakisikiliza, nami nikaona aibu kusahihishwa na mama mwenye udongo miguuni. Nikacheka.

"Kivuli nani atakiangalia, mama? Watu wanaangalia sura."

"Mi nitaangalia," alisema taratibu. "Kila siku. Bon, utatengeneza?"

Nikamwambia wiki ijayo. Aliporudi nilikuwa nimezama kwenye picha za harusi, nikamwambia wiki nyingine. Mara ya tatu nilimwona kwa mbali akija, nikajificha nyuma ya pazia la kupigia picha. Naona haya hata kukusimulia. Nilimsikia akikaa kwenye benchi, akasubiri sana, akashusha pumzi, akaondoka.

Hakurudi tena. Baada ya muda aliingia Furaha, kitambaa cheusi kichwani.

"Dada, Maman alikufa. Tumezika Jumanne. Alisema picha yake iko kwako, unaitengeneza."

Unaitengeneza! Kumbe hadi mwisho aliamini kwamba naifanyia kazi. Nikakaa kwenye kompyuta. Nikakigeuza kivuli upande wa kushoto, nikakirefusha kilingane na vya dada zake, nikakififisha kidogo. Maji ya chai niliyokuwa nimebandika yalikuwa bado hayajachemka nilipomaliza.

Furaha aliipokea picha, akaweka kidole kwenye kivuli cha Bosco. "Sasa Bosco iko na sisi," akasema. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenitukana.

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla ya kumwekea mtu kivuli, tafuta kwanza jua la picha liko wapi, utazame vivuli vya wenzake vimelala vipi na vina urefu gani, kisha ukilaze cha kwake pamoja nao. Usikubali kile ambacho mashine imekuandalia. Na mteja akikuambia pamekosewa, usitazame miguu yake, tazama picha. Ukiona kweli umekosea, sema nimekosea, urekebishe yeye akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Mungu ayabariki macho yako na mikono yako. Wanaokuja kwako na wapendwa wao kwenye bahasha waondoke wamewapata, nawe usije ukasimama nyuma ya pazia ukisubiri mama wa mtu achoke kukungoja.