Karavani ya Roelof Ilivyokaa Mshazari

Roelof Hoving, mstaafu wa kiwanda cha unga wa viazi huko Drenthe, Uholanzi, ana miaka sabini na minne, na kwa kurudisha nyuma karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, hana mpinzani Ulaya nzima. Anasema mwenyewe, kwa hiyo lazima iwe kweli.

Kila Novemba yeye na mkewe Aaltje huifunga karavani nyuma ya gari na kuelekea kusini mwa Ureno. Hupakia kilo arobaini za viazi, siagi ya karanga, jibini gurudumu zima na kahawa ya miezi minne, utadhani Wareno hawali. Barabara za kulipia hawazigusi. Hupita vijijini siku kumi na moja, wakilala nyuma ya mashamba ya zabibu ya Wafaransa, kwa kuwa pensheni zao mbili ni za kawaida na kodi ya kambi ya karavani huko Ureno ni nafuu kuliko gesi ya kupashia nyumba joto kwao. Wameishi hivyo miaka tisa, na wakirudi Machi wana rangi ya mkate uliookwa vizuri.

Mwaka huu lakini Roelof alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Pasaka, binti yao alipouliza kama safari hizo si za watu wenye umri mdogo zaidi, mzee aligonga meza: "Siku nitakayosukumiwa karavani na watu, naiuza! Wote mmenisikia!" Wote walimsikia. Binti akaandika mpaka tarehe.

Halafu ikaja Oktoba na daktari wa macho. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, litapasuliwa Mei. La kulia linatosha kuendeshea. Roelof akachukua hiyo sehemu ya mwisho, nyingine akaimeza. Aaltje hakuambiwa neno.

Walifika kambini saa nne na dakika kumi asubuhi, yaani saa mbaya kuliko zote. Saa nne ni kahawa. Waholanzi wote hukaa nje na vikombe, biskuti moja kwa kila mtu kisha kopo linafungwa, na karavani mpya ikitokea, viti vya kukunja vinageuzwa kuielekea. Kwao hiyo ndiyo sinema, na haina kiingilio.

"Bingwa kaingia!" akaita Douwe, Mholanzi wa kiwanja cha jirani, kisha akamgeukia mkewe. "Baukje, leta kiti changu, tujifunze!"

Kiwanja cha akina Roelof, namba arobaini na saba, kilikuwa na ua wa miti upande wa kushoto. Aaltje akashuka, akasimama nyuma palepale anaposimama kila mwaka, mikono juu. Roelof akatazama kioo cha kushoto. Akaona ukungu, na ndani ya ukungu kitu cha kijani kinachoweza kuwa ua, au koti la mkewe.

Mara ya kwanza alipanda juu ya mizizi. Mara ya pili aliangusha pipa la taka. Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mara ya tatu matawi yalikwaruza bati kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo hakucheka mtu. Kimya kile kilimuuma Roelof kuliko makofi.

"Jirani, tukusukumie?" Douwe akauliza, kwa upole kabisa. "Tupo sita. Nusu dakika."

"Gusa uone!"

Aaltje akaja dirishani. "Wewe una nini leo?"

"Sina kitu."

"Roelof."

"Sioni upande wa kushoto," akanong'ona. "Mtoto wa jicho. Tangu Oktoba. Sasa usipige kelele, watu wanatazama."

"Oktoba! Na tumevuka Ufaransa nzima?"

"Daktari kasema la kulia linatosha."

"Kasema na kurudi nyuma linatosha?"

Roelof akavuta breki ya mkono.

"Shuka," mkewe akasema.

Gari Aaltje anaendesha vizuri tu, lakini likiwa na karavani hakuwahi kuligusa, maana huyu bwana aliulinda usukani kama fahali anayelinda zizi. Sasa bwana akasimama nyuma kuelekeza, na Mungu amsamehe, hajui kuelekeza. Alipunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki.

"Kulia! Hapana! Basi! Basi, nimesema!"

"Uko wapi? Sikuoni!"

"Niko hapa!"

"Hapo vioo havifiki! Miaka tisa nasimama pembeni kule, hukuwahi kuona kwa nini? Nenda kakae na Douwe, unywe kahawa."

Akaenda. Kutembea hatua ishirini kati ya viti vile, mbele ya watu waliomwita bingwa, hakuna mwanamume ambaye angependa. Baukje akammiminia kahawa, akampa biskuti, kisha akalifungua kopo tena na kumpa ya pili. Biskuti ya pili! Kwa Waholanzi hiyo ni rambirambi. Roelof akaishika tu mkononi.

Lakini akaona jambo. Aaltje alikuwa ameushika usukani kwa chini, mkono mmoja, polepole, na karavani inaufuata mkono badala ya kuukimbia. Roelof mwenyewe alihangaika mwaka mzima kuigundua hiyo na hakumfundisha mtu. Mwanamke kaisoma kwa kumtazama tu. Alisogea nyuma kidogo, akaenda mbele, akarudi tena. Ua ukapita bila kuguswa. Injini ikazimwa.

Karavani ilikaa mshazari, pua imeelekea choo cha kambi, gurudumu moja limepanda juu ya mzizi.

"Tuinyooshe tu," Douwe akasema, na wanaume watano wakainuka, wakikunja mikono ya mashati.

Roelof alifika kabla yao. Akasimama mbele ya karavani, biskuti bado mkononi. "Mikono chini! Imeshaegeshwa."

"Imekaa upande, jirani!"

"Kaiegesha mke wangu, peke yake. Atakayeisogeza hata inchi, tutakosana mpaka Machi."

Wakarudi kukaa, wakinung'unika, maana Mholanzi akiona kitu kimepinda hulala vibaya. Aaltje akashuka, akaizunguka karavani kwa wasiwasi.

"Mchuzi utakaa upande mmoja wa sahani," akasema.

"Tutakula upande huo."

Kisha akamgeukia mumewe. "Mei nakupeleka hospitali mwenyewe, tena utamweleza daktari mbele yangu. Na mwakani wa kuegesha ni mimi."

"Mwakani," Roelof akasema, akijizuia kutabasamu. "Unipe hata zamu moja."

"Tutaona. Kwanza jifunze kusimama pale unapoonekana."

Roelof akala biskuti, akaenda kuokota pipa la taka.