Msiba Ulioondolewa Jukwaani

Waliokuwepo siku ile ukumbini Gitega, upande wetu, ni hawa: mimi; mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye kitinda mimba wetu; fundi cherehani wa Muyinga mjini, aliyetushonea mavazi ya mchezo wa kwanza tulipokuwa kambini Tanzania, dada yake fundi, ambaye ana duka la chumvi na mawese pale Magarama, humo humo Gitega; na bibi mmoja jirani yetu wa Gasorwe, ambaye mwaka wa kwanza wa ukimbizi alilala hema moja na mama yetu. Jukwaani walikuwepo mdogo wangu wa kiume, aliyeutunga mchezo wenyewe, na msichana wa Gitega aliyepewa nafasi niliyoicheza mimi kambini. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alirudi na habari yake, na kilimani kwetu, ndiyo kusema kijijini, haikuaminiwa yangu.

Mchezo wa kwanza ulitungwa na katekista wa kambi. Ulikuwa mchezo wa nyimbo, maneno machache sana kati ya wimbo na wimbo: watoto watatu wanavuka mpaka na mama yao, mama anafariki, na dada mkubwa anabaki na wadogo zake. Katekista alinichagua mimi niwe dada mkubwa. Watu walidhani ni kwa ajili ya sauti. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, kwa hiyo mchana wa mazoezi nilikuwepo, na wasichana wengine walikuwa darasani. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Sikuhitaji kufundishwa mengi. Katika wimbo wa mwisho dada mkubwa anamwahidi mama kwamba siku watakayorudi nyumbani, watamwondolea msiba kwenye ardhi yake.

Kwetu msiba hauishi siku ya maziko. Unabaki wazi ndani ya nyumba mpaka mtama uvunwe, pombe ipikwe, ndugu na majirani waitwe. Hapo mtoto wa kiume anasimama na kuuliza nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye. Kila mtu anasema lake mbele ya wote. Kisha mirija inapita kwenye chungu kimoja, wenye msiba wakitangulia kunywa, na msiba unaondoka. Tunaita kuganduka.

Tuliporudi Gasorwe, baba mdogo alitaka tuganduke kwa mavuno ya pili. Alisema angesimama yeye kwa niaba ya mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumbani sote tunamwita kaka, maana alikuwa shule, Gitega, akikaa bweni. Nilikataa. Nilitaka asimame mwenyewe, mtoto wa kiume pekee wa mama yake, akiwa amemaliza masomo, na watu wamwone. Baba mdogo alikasirika, akasema msiba si mahindi ya kuyaacha shambani hadi upendavyo. Sikujibizana naye. Nililima, nikauza, nikapeleka karo, nikasubiri. Miaka ikapita mingi kuliko nilivyohesabu. Alimaliza shule, akapata kazi ya kufundisha, akaingia kikundi cha waimbaji, na kila nilipomkumbusha alisema kiangazi kijacho.

Siku moja akatupigia simu kwamba ametunga sehemu ya pili ya mchezo wetu, itachezwa Gitega, twende. Sikuuliza nani atakuwa dada mkubwa. Yeye naye hakusema. Fundi ndiye aliyefurahi kuliko sote. Anasema kambini hakukosa hata siku moja ulipochezwa, na nadhani ni kweli. Alifunga cherehani yake asubuhi na mapema, tukapanda gari kupitia Karuzi, bibi akiwa amevaa nguo yake ya kanisani.

Msichana yule alikuwa mzuri. Nisiposema hivyo nitakuwa mwongo. Sauti yake ilikuwa juu na safi, na alijua kunyamaza. Alikuwa amefundishwa mambo yangu: namna ninavyofunga kitambaa kabla ya kujibu mtu, namna ninavyohesabu watu kwa kidole kabla ya kugawa chakula. Ukumbi ulicheka alipohesabu. Mdogo wangu wa kike alicheka pia, kisha akanitazama na kuacha.

Katika sehemu hiyo ya pili watoto wamerudi, wamekuwa watu wazima, na siku ya kuganduka imefika. Chungu kikawekwa katikati ya jukwaa. Kaka yangu ndiye aliyecheza mtoto wa kiume. Alisimama, amevaa shuka jeupe begani kama alivyovaa baba, akauliza kwa wimbo nani anadaiwa na mama huyu.

Na bibi, jirani yetu, akainuka kutoka kitini.

"Mimi nadaiwa," akasema. "Alinipa mbegu za maharage, debe zima, tulipofika kule hatuna kitu. Sikurudisha. Nilikuwa nangoja siku hii."

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Wengine wakapiga makofi. Nilimshika nguo ili akae, lakini hakunitazama, alikuwa anamtazama kaka yangu, ambaye bibi huyo alimlea alipokuwa mtoto anayetambaa. Kaka yangu alimtambua. Nililiona hilo usoni mwake. Akaimba, kwa sauti ile ile ya mchezo, kwamba mama hamdai tena, mbegu zimesamehewa, akae kwa amani. Bibi akakaa na kulia. Ukumbi mzima ulilia naye.

Kisha mirija ikapita. Kaka akanywa. Ilipofika zamu ya dada mkubwa, yule msichana akaupokea mrija, akautazama, akauvunja vipande viwili na kutoka jukwaani bila neno. Mchezo ukaishia hapo.

Dada yake fundi alikuwa ametupikia maharage na ndizi, tukaenda kula dukani kwake Magarama. Hatukufika hata mlangoni kabla ya ubishi kuanza. Fundi alianza na mavazi. Alisema dada mkubwa hawezi kurudi kutoka kambini amevaa imvutano, vazi la sherehe la wanawake wetu, mpya inayong'aa namna ile, na kwamba yeye alinishonea mimi kwa magunia na nikapendeza.

"Huyu wa leo iko na sauti, mi sikatai," alisema. "Lakini jembe analishika kama kalamu. Huyu wetu akilia, hata askari wa kambi alikuwa anafuta macho."

Mdogo wangu wa kike alisema ni vizuri kwamba huyu wa Gitega hakulia, kwa sababu dada mkubwa halisi halii mbele ya watu. Fundi akamwambia yeye alikuwa mdogo mno kambini, hakumbuki. Akajibu kwamba anakumbuka kuliko fundi, maana yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akibebwa mgongoni kwangu. Tulicheka. Hata mimi.

Ndipo wakaja kwenye mrija. Kwa nini aliuvunja? Fundi alisema ni hasira: dada ndiye aliyemwahidi mama katika sehemu ya kwanza, kwa kinywa chake, na sasa mdogo amesimama mbele na kuitimiza ahadi isiyo yake. Mdogo wangu alisema ni uchovu tu, hajapata nafasi ya kulia, na ukinywa unakuwa umekubali kwamba kilio kimekwisha. Mwenye duka aliwasikiliza wote huku akipima mawese ya mteja. Alipomaliza akasema wote wawili ni watoto.

"Msiba ukiondoka, yeye ni nani tena?" akauliza. "Miaka yote watu wanamheshimu kwa sababu ya marehemu. Dada kasema hivi, dada kakataa vile. Msiba ndiyo kiti chake. We umeona wapi mtu anavunja kiti chake mwenyewe? Ndiyo maana kavunja mrija."

Fundi alisema wallahi hilo hakulifikiria. Akanigeukia mimi, niliyemcheza wa kwanza, akataka niamue.

Nikasema maharage yameiva vizuri.

Nilikuwa nimemsikia mwenye duka, na nimeendelea kumsikia. Usiku mwingi nimejiuliza kama mwanamke yule aliniona kweli kupitia jukwaa. Huenda kuna sehemu yangu iliyozoea kuulizwa kila jambo. Lakini sijapata kula heshima, na jembe lile nililishika mimi.

Kaka yangu akaja tukiwa bado tunakula, akiwa na furaha na jasho. Walimrukia kwa maswali. Alipenda kuulizwa. Alisema mtunzi hamalizi kila kitu, mengine anawaachia watazamaji. Nikamwomba tutoke nje, tukasimama barazani penye mifuko ya chumvi.

Nikamuuliza nani alimwambia kwamba nilikataa kuganduka. Akasema baba mdogo, na watu wote kilimani. Nikamuuliza kama walimwambia sababu. Akasema hapana, na kwamba sikuwahi kuieleza mimi pia. Katika hilo alikuwa na haki. Nilidhani inaonekana.

"Nilikataa kwa sababu ulikuwa shuleni," nikamwambia. "Nilitaka usimame wewe. Nilikuwa nakungoja."

Alitazama barabara kwa muda. Nilidhani analia, na nilikuwa tayari kumsamehe.

"Dada," akasema, "hiyo ni nzuri kuliko niliyoiandika. Ningeijua mapema ningeiweka."

Nikamuuliza ni lini atapanda Gasorwe tumwondolee mama msiba. Akaniuliza kwani leo tumefanya nini. Alikuwa anasema kweli, hakuwa akinidhihaki. Alisema bibi amesema lake mbele ya watu, na yeye, mtoto wa kiume, amemsamehe, na mama hajapata kuliliwa na watu wengi namna ile tangu afariki. Nikamwambia kwenye chungu mlikuwa na maji na majani ya chai. Akasema pombe haiondoi msiba, watu ndio wanaouondoa. Nikamwambia mimi sikunywa. Akacheka kidogo, akasema hata kwenye mchezo sikunywa.

Tuliporudi, bibi alizunguka kilima kizima. Hakusema uongo wowote. Alisema alikwenda Gitega, mtoto wa marehemu akasimama na shuka begani, akauliza, yeye akajibu, akasamehewa, mirija ikapita. Watu waliitikia kwamba Mungu ni mwema. Wengine walinilaumu kwa kuwaficha sherehe na kuipeleka mjini. Nilipokwenda kwa baba mdogo kumwambia mtama umekauka na niko tayari, hakuniangalia.

"Msiba hauondolewi mara mbili," akasema. "Ukiondolewa mara mbili unaita mwingine. Kama ule ulikuwa mchezo, mwenye mchezo aje aseme hivyo mwenyewe, mbele ya hawa hawa."

Si yeye peke yake, majirani wote walisema hivyo, na sina wa kumlaumu kwa hilo, maana mahali pengine popote wangecheka tu, lakini kwetu swali lilipoulizwa na mtoto wa kiume, na mdaiwa akajibu, ni nini kilibaki? Pombe tu. Na mimi.

Nikampigia kaka yangu simu. Nikamweleza kwamba sihitaji ng'ombe wala pesa, nahitaji asubuhi moja: apande, asimame uani, aseme ulikuwa mchezo, kisha tuganduke. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu akasema kazi yake ni uongo, na bibi naye atavunjika moyo, na kwamba nimpe muda.

Kiangazi hicho hicho kikundi chao kilikuja kucheza Muyinga mjini. Kutoka hapo hadi kwetu ni mwendo wa baiskeli, asubuhi unafika. Sikwenda kuutazama. Nilifagia ua siku zote tatu, nikamtuma mdogo wangu wa kike akamngoje kaka njia panda, akarudi peke yake. Siku ya nne nilimwona fundi akisukuma baiskeli kupanda mlima, amelowa, anatabasamu. Nilidhani ameniletea habari kwamba kaka yuko nyuma yake.

Alikuja kunipa habari kwamba mwisho umebadilishwa. Sasa dada mkubwa akishavunja mrija hatoki. Anamgeukia mdogo wake na kumwambia kwa wimbo kwamba miaka yote alikuwa akimngoja yeye, ndiyo maana alikataa. Alisema wanawake wa Muyinga walilia kuliko wa Gitega, na kwamba yeye mwenyewe alilipa kuingia mara mbili.

"Sasa inaeleweka, dada," aliniambia. "Sehemu ya kwanza na ya pili zimeshikana. Umeona kaka yako alivyo na akili?"

Nikamletea maji ya kunywa, akanywa, akanieleza namna yule msichana alivyolishika jembe vizuri zaidi safari hii.

Mtama wa mwaka ule tuliusaga unga. Wa mwaka uliofuata pia. Baba mdogo amezeeka na bado hajabadili neno lake, nami sijaacha kupiga simu, na kaka yangu hupokea, hanikimbii. Huniuliza hali, huniuliza mvua, kisha anasema kiangazi kijacho. Mama bado anatudai, mimi na yeye, na sehemu yangu siwezi kuilipa bila yake.