Sindano ya Mgongo Mbele ya Mkwe

Mwaka mmoja baada ya kupasuliwa mgongo, maumivu yalinirudia, yakashuka mpaka mguuni. Katika mji wa Baraka alikuwepo daktari mgeni aliyekuwa akichoma sindano ya kutuliza uvimbe karibu na uti wa mgongo. Binti yangu alikuwa amejifungua juzi, kwa hiyo aliyenisindikiza ni mume wake. Kwetu mkwe hata mkono simpi. Tukikutana njiani, mmoja wetu hupisha.

Daktari aliniambia nivue blauzi, nikae nimeinama. Mguu ulitetemeka, sikuweza kutulia.

"Baba, kuya umushike mama," daktari akamwambia mkwe wangu.

Alifumba macho, akanishika mabega. Sindano iliuma, lakini nilichowaza ni mgongo wangu ulio wazi na kovu lake.

Tulipotoka alisema akiangalia chini, "Mama, mi sikuona kitu."

Nilijifunga kitenge vizuri, nikatangulia.

Baada ya siku chache maumivu yalipungua, nikaanza kwenda sokoni kwa miguu. Binti yangu akaniuliza mbona siendi kwao kumwona mtoto. Nikamwambia mguu bado unauma.